Kilo Moja na Nusu

Katika mwaka wangu wa kwanza wa uenyekiti nilipigiwa makofi kwa ajili ya kilo 900 na ushee za pamba ambazo hazikuwa zetu. Sikujua, na waliopiga makofi hawakujua. Ulikuwa mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi, chini ya mkuyu ulioko mbele ya godauni, huku Usukumani, nami nilikuwa nasoma taarifa ya msimu: pamba tuliyonunua kwa wakulima, pamba tuliyopakia kwenda kiwandani, na tofauti ya hizo mbili. Kwa miaka mitatu mfululizo kabla yangu tofauti hiyo iliitwa upungufu. Mwaka ule ilikuwa ziada. Nilipofika kwenye neno hilo nikanyamaza kidogo ili litue vizuri masikioni mwa watu. Mzee mmoja akasimama, akarusha kofia yake juu. Akina mama wakapiga vigelegele. Jioni ile nilirudi nyumbani nikiamini kwamba sasa nimekuwa kiongozi.

Nilikuwa na miaka 34. Watu walinichagua kwa sababu moja: waliamini siibi. Na kweli sikuwa mwizi. Kwa hiyo nilidhani uongozi ni uaminifu ulioongezewa bidii, basi. Funguo zote nilizining'iniza kiunoni, wa sefu, wa godauni, wa kabati la vitabu vya risiti. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika kituoni na usiku wa mwisho kuondoka. Karani akitaka kalamu mpya, alinisubiri mimi. Lori likija kupakia nami nimekwenda msibani, dereva alilala palepale hadi nirudi. Nilichoka hasa, na uchovu ule niliuona kuwa ushahidi wa kazi. Wizi wa godauni ulikoma, hilo silipunguzi. Lakini kukomesha wizi wa usiku ni kazi ya mlinzi. Ya mwenyekiti nilikuwa sijaianza.

Msimu wa 2006, wiki ya tatu ya ununuzi, alikuja mama mmoja mtu mzima, mjane, na mjukuu wake akisukuma baiskeli. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na pamba imefungwa kwa mashuka mawili, na juu yake kiroba cha sembe cha kilo 25, uzi wa kushonea haujaguswa. Foleni ilikuwa ndefu. Alikaa zamu yake bila kuongea na mtu. Zamu ilipofika akashusha kiroba kwanza.

“Mwenyekiti mwanangu, kabla ya pamba yangu nipimie huu unga.”

“Mayu,” nikamwita mama kwa lugha yetu, “hapa tunapima pamba.”

“Najua. Pima.”

Mizani yetu ilikuwa ya kuning'iniza kwenye boriti, yenye uso wa duara kama saa ya ukutani na mshale mmoja mwekundu. Karani akanitazama. Nikasema foleni ni ndefu, wenzako wanasubiri. Hakubishana, ila hakusogea. Kijana mmoja nyuma yake akasema, “Mpimieni bibi unga wake tusonge mbele.” Kiroba kikaning'inizwa. Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukatulia. Mama yule alisoma kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, herufi zilikuwa zimeanza kumpotea lakini tarakimu hazikumpotea. Akasogea hadi uso wake ukakaribia kugusa kioo, akasoma kwa sauti: “Ishirini na tatu na nusu.”

Kituo kizima kilinyamaza. Watu walinitazama, nami nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani ardhi inimeze. Nilisema: “Hao wauza unga ndio wezi, mayu. Umepunjwa dukani.” Watu wakacheka, na nikafurahi kwamba wamecheka. Mama akafunga kiroba chake, akamwambia mjukuu arudishe pamba kwenye baiskeli, akaondoka nayo bila kuiuza.

Usiku ule sikulala. Kama saa nane nikaamka, nikachukua taa na dumu la lita 20, nikalijaza maji kisimani na kwenda godauni. Shuleni tulifundishwa kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu tupu lina uzito wake, tuseme kilo moja. Nilitegemea kuona 21. Nililining'iniza nikainua taa. Mshale ulisimama kwenye kumi na tisa na nusu. Nikalishusha, nikalipandisha tena. Kumi na tisa na nusu. Nikakaa chini juu ya marundo ya pamba, taa mkononi, nikaanza kupiga hesabu za mwaka uliopita, na hapo ndipo neno ziada liliponirudia.

Alfajiri karani alinikuta mlangoni. Alikuwa kijana mpole, mzuri wa hesabu, aliyeanza kazi kabla yangu. Sikupiga kelele. Nilimwonyesha dumu. Akalitazama, akatazama mizani, akaniambia ukweli wote bila kuzunguka. Nyuma ya ule uso wa mizani kuna skrubu ndogo ya kuurekebisha mshale usimame kwenye sifuri, na chini ya sifuri kuna kijipini kinachouzuia usishuke zaidi. Skrubu ikilegezwa, mshale huegemea kile kijipini, na ukiutazama mizani ikiwa tupu utaapa kwamba uko sifuri. Lakini kila mzigo hutumia kilo moja na nusu ya kwanza kuuinua kutoka mahali pasipoonekana. Waliomtangulia ndio waliomwonyesha. Waliiita kilo ya kukaukia: pamba ikikaa ghalani hukauka, uzito hupungua, basi lazima uache kitu cha kufidia, vinginevyo kiwanda kitakudai. Zamani ile kilo na nusu iliishia kufunika pamba iliyoibwa usiku. Nilipokomesha wizi ikawa haina cha kufunika, ikageuka ziada.

“Ndivyo nilivyokuta, mwenyekiti,” alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, bila ujeuri wowote: “Na mwaka jana ulifurahi.”

Nimekaa na maneno hayo kwa miaka mingi sasa. Sikuwahi kumwagiza yule kijana apunje watu. Ningeulizwa ningeapa kwa msahafu wowote. Nilitoa maagizo mengi mwaka ule, mengine kwa maandishi, nikayabandika ukutani: marufuku kunywa pombe kazini, marufuku kutoa risiti bila sahihi. Ya ukutani aliyasoma mara moja. Uso wangu aliusoma kila siku. Aliona nilivyosoma neno ziada, aliona nilivyorudi ofisini nikampa mkono kwa mikono miwili, akajua chama hiki kinataka nini. Kila ofisi ina sheria mbili, moja ya kwenye karatasi na nyingine ya kwenye uso wa mkubwa. Wafanyakazi si wajinga. Hufuata ya pili.

Tunao msemo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumezoea kumlaumu mgema. Lakini yupo aliyemsifu, na alimsifu kwa nini? Kwa wingi wa tembo. Laiti angemsifu kwa utamu.

Niliporudi nyumbani nilimfuata mzee mmoja jirani yetu, ambaye ujanani mwake alikuwa mpimaji. Nilimweleza yote. Hakushangaa hata kidogo. Alinisimulia ya miaka ya mwanzo ya 1950, wakati pamba ya Jimbo la Ziwa ilinunuliwa na wafanyabiashara binafsi wenye vinu vya kuchambulia, na mkulima hakuwa na njia ya kujua uzito wa jasho lake ila kumwamini mnunuzi. Wakulima wakachanga senti zao, wakatafuta vijana wanaojua kusoma mizani, wakawaweka magulioni wapime upya kile alichopima mnunuzi. Yeye alikuwa mmoja wao, ana miaka 18 hivi, ana kaptula moja. Kutoka kwenye vikundi vile vya wapimaji, Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya msingi vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na ilipofika Uhuru karibu pamba yote ya jimbo ilikuwa inapitia humo. Bomani mwenyewe alizaliwa mwaka 1925. Kazi ile aliifanya akiwa bado kijana, kisha akawa Waziri wa Fedha wa nchi huru, na baadaye balozi nchini Marekani. Vitabuni utamkuta kwa vyeo hivyo. Mzee wangu alimkumbuka kwa mizani.

“Chama hiki kilikuwa mizani kwanza,” aliniambia. “Godauni, ofisi, viti, hayo mliyaongeza baadaye.”

Nilimuuliza ilikuwaje basi, chama kilichozaliwa kwa ajili ya mizani kikaja kuichezea mizani. Hakujibu moja kwa moja. Alisema mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika kwa sababu malalamiko ya wakulima yalikuwa yamejaa, na wakati huo hakukuwa tena na mnunuzi mgeni wa kulaumiwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa kabisa, sheria ya 1982 ikavirudisha, na tangu msimu wa 1994 wanunuzi binafsi wakarudi sokoni. Wakubwa wamebadilika mara nyingi, alisema. Mkulima ni yuleyule na shuka lake la pamba. Ndipo akanieleza jambo nililokuwa sijalifikiria. Kijana mpimaji, katika siku zile, alisimama upande wa mkulima na kumtazama mnunuzi. Chama kilipoanza kununua chenyewe, yule kijana akahamia upande wa pili wa mizani. Mikono ni ileile, macho ni yaleyale, mahali pa kusimama pamebadilika, na hakuna aliyemwambia.

Hili naliona kila mahali siku hizi, si kwenye pamba peke yake. Mwalimu mzuri anafanywa mkuu wa shule, muuguzi mahiri anafanywa msimamizi wa wodi, fundi hodari anapewa karakana. Anadhani amepanda ngazi ileile. Kumbe amevuka mizani, amekuwa upande mwingine, na mtu aliyekuwa akisimama naye jana leo anautazama mshale wake. Wengi hatuambiwi. Wengi tunaendelea kuwa wapimaji hodari, tukijisifu kwa kasi ya kupima, huku tumeshakuwa mnunuzi.

Tulifunga kituo siku tatu. Wakala wa mnunuzi alikuja juu, akatishia kuhamishia fedha kijiji cha pili. Mimi na karani tulikaa ofisini na vitabu vya risiti tukahesabu vishina kimoja kimoja, kwa sababu kilo moja na nusu ilikuwa inakatwa kwa kila mzigo, uwe mkubwa au mdogo. Aliyeleta kilo 90 kwa mkupuo mmoja alipoteza sawasawa na mama aliyeleta kilo 12 kwenye kanga. Nilikuwa sijawahi kuuona udhalimu waziwazi kama nilivyouona kwenye vile vishina: maskini, anayevuna kidogo kidogo na kuuza kidogo kidogo ili apate pesa ya dawa na chumvi, ndiye aliyekatwa mara nyingi zaidi. Mwanamke mmoja alikuwa amepima mara kumi na moja ndani ya wiki tatu. Jumla ilikuwa mizigo 740. Kilo 1,110. Na kwa kuwa kila kishina kina jina, kila mtu tulimwandikia chake.

Afisa wa Wakala wa Vipimo akaja akaitengeneza mizani, akaifunga lakiri. Kisha tukaitisha mkutano wa dharura.

Hotuba ile niliiandika mara tatu. Ya kwanza ilisema karani amefanya kosa. Nikaichana. Ya pili ilisema chama kimefanya kosa, nikaipenda, kwa sababu chama hakina uso wa kuona haya. Siku ile nilikuwa na kijitabu cha Mwalimu Nyerere, Tujisahihishe, alichokiandika mwaka 1962, mwaka uleule ambao mwezi Januari, wiki sita tu baada ya Uhuru, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa na kwenda kukijenga upya chama chake cha TANU. Watu wengi hukumbuka kule kuacha madaraka. Mimi nililikodolea macho lile neno la jaladani. Tu, sisi. Ji, wenyewe. Hakusema mjisahihishe, wala nitawasahihisha. Rais wa chama aliyeheshimika kuliko mtu yeyote nchini alijiingiza ndani ya kitenzi pamoja na mwanachama wa mwisho. Nikaichana na hotuba ya pili.

Chini ya mkuyu nilisema: mwaka jana nilisoma ziada hapa, mkapiga makofi. Ile ziada ilikuwa pamba yenu. Niliifurahia bila kuuliza imetoka wapi. Wiki iliyopita mama yetu alinionyesha mizani mbele ya macho yangu, nami nikamfanya kichekesho. Naomba radhi kwake kwanza, halafu kwenu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee aliyerusha kofia mwaka uliotangulia alisimama akauliza zile kilo 900 zilikwenda wapi. Swali la haki. Zilikuwa zimeuzwa pamoja na nyingine, na fedha yake ikapaka rangi ofisi, ikanunua viti vya plastiki, iliyobaki ikawa posho ya vikao vya bodi. Alikuwa amekalia kiti kimojawapo alipouliza. Akainuka, akakisogeza kando, akasimama hadi mkutano ulipokwisha. Wengine walitaka nijiuzulu siku ileile, na kama ingepigwa kura saa ile nadhani ningeondoka. Waliamua nimalize msimu. Sisi wajumbe wa bodi tukarudisha posho kutoka mifukoni mwetu, na fidia ya mwaka uliotangulia ikalipwa kwa ushuru wa chama kwa misimu miwili.

Karani nilimbakiza. Wapo ambao hawajanisamehe kwa hilo hadi leo, na hoja yao si nyepesi. Yangu ni kwamba alichokifanya alikirithi, alikieleza bila kuficha alipoulizwa, na mwenye kustahili kuulizwa kwa nini hakuulizwa mapema ni mimi. Alikaa kwenye mizani ile miaka mingine saba.

Yaliyofuata hayakuwa na tukio kubwa, na pengine ndiyo sehemu niliyojifunza zaidi. Kubadili maagizo ni kazi ya siku moja. Kubadili unachokifurahia huchukua miaka, maana furaha hutoka kabla hujafikiri. Msimu uliofuata, usiku wa saa nne, karani alinigongea mlango: mafurushi mawili hayaonekani godauni. Nilihisi hasira inapanda hadi kooni. Nilimtazama, nikaona amesimama nusu ndani nusu nje, mguu mmoja tayari kwa kuondoka, anasubiri kuona uso wangu utasema nini. Nikasema, “Asante kwa kuja usiku huuhuu.” Ilikuwa ngumu kutoka. Lakini tangu siku ile habari mbaya zilianza kunifikia zikiwa bado ndogo. Zamani zilikuwa zinanifikia zikiwa zimeshakuwa kesi.

Funguo nazo niliziachia, ingawa kwa tabu. Sefu tukaiwekea makufuli matatu, kila moja na mtu wake. Wiki ya kwanza nilikuwa najipapasa kiunoni kama mtu aliyeng'olewa jino anavyopitisha ulimi. Siku moja nilikwenda msibani, niliporudi nikakuta lori limepakiwa, limeondoka, hati zimesainiwa, na hesabu iko sawa. Nilijisikia vibaya. Nasema hivi kwa sababu najua wapo watakaoielewa hali hiyo na hawajapata kuisema: uchungu wa kukuta kazi imekwenda bila wewe. Ilinichukua muda kuuona uchungu ule kuwa ndiyo malipo yenyewe.

Nimehudhuria semina za uongozi, na ninazithamini. Walimu waliosomea Moshi, pale chuo cha ushirika kilichoanza mwaka 1963, ndio walionifundisha kusoma mizania, na mwenyekiti asiyeweza kusoma mizania atasomewa anachotakiwa kusikia. Lakini jambo moja sikulikuta kwenye makabrasha yao, nililikuta kwenye ngoma. Sisi Wasukuma tunacheza kwa kushindana, kundi la Bagika na la Bagalu, na manju, anayeongoza wimbo, ni mtu mkubwa huko. Nikiwa mtoto nilidhani manju ni mwenye sauti kuliko wote. Nilipokua nikagundua kwamba manju hodari huanza wimbo kisha hunyamaza mapema. Anasikiliza kiitikio. Kikiwa kizito anajua wimbo umepokelewa, kikiwa chepesi anaubadilisha palepale, hawalaumu waitikiaji. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam kabla ya kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU mwaka 1955, na wanawake aliowaingiza chamani kwa maelfu aliwafuata kwanza kwenye vikundi vyao vya ngoma. Watu husimulia hilo kana kwamba ngoma ilikuwa njia tu ya kuwakusanya. Naamini alikuwa ameshakuwa kiongozi humo humo, kwa miaka ya kusikiliza watu wanaitikiaje.

Nikawa najaribu hivyo kwenye mikutano. Nilikuwa naongea saa nzima, nikapunguza hadi dakika kumi. Mwanzoni ukimya ulinitisha. Watu walitazamana, wakatazama chini, wakasubiri niendelee. Kisha mama mmoja akauliza kwa nini mizani inafunguliwa saa nne wakati wao wana watoto wa kupikia. Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu hakukuwa na nafasi ya kuulizia. Tukaanza kufungua saa moja. Jambo dogo kama hilo lilileta pamba nyingi zaidi iliyokuwa ikiuzwa kwa walanguzi wa njiani kuliko hotuba zangu zote za kuwalaani walanguzi.

Yule mama wa unga hakurudi msimu ule. Nilikwenda kwake siku ya pili baada ya mkutano, nikamkuta anapepeta mtama. Akanipa kigoda. Nikamwomba radhi tena, peke yetu, na nikamuuliza alijuaje. Akasema hakujua. Shamba lake la ekari moja na nusu analijua kwa mikono. Miaka yote huvuna mafurushi kiasi kilekile, na kila mwaka pesa zilikuwa hazifanani na mafurushi. Alikuwa amewaambia viongozi wawili kabla yangu. Wa kwanza alimwambia bei imeshuka. Wa pili alimwambia hajui hesabu.

“Wewe uliwafanya watu wanicheke,” alisema. “Lakini ulirudi.”

Mwaka uliofuata wanachama walimchagua kuwa mjumbe wa bodi. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akikaa vikaoni mikono mapajani, na tukishakubaliana jambo na kulifurahia, anauliza swali moja: nani amelipa? Kuna maazimio tuliyoyafuta kwa sababu ya swali hilo, mojawapo la kununua pikipiki ya mwenyekiti. Alitutumikia miaka sita hadi miguu ilipokataa. Pendekezo lake la kwanza kwenye bodi lilikuwa chama kinunue jiwe la mizani la kilo 20, lililohakikiwa na kupigwa muhuri, likae mlangoni mwa kituo wakati wote wa ununuzi, na mkulima yeyote awe na haki ya kulining'iniza kabla ya kupima pamba yake bila kutoa sababu. Mjumbe mmoja alisema hiyo ni kujidhalilisha, tutaonekana hatuaminiki. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha mwenyekiti, na niliona macho ya wajumbe yakinigeukia, yakisubiri uso wangu. Nilicheka kwa furaha. Lilipita bila kura.

Niliachia uenyekiti baada ya miaka tisa. Makabidhiano yalichukua asubuhi moja, kwa kuwa hapakuwa na mengi yaliyokuwa mikononi mwangu peke yangu. Siku hizi kituo kina mizani ya dijitali yenye namba nyekundu zinazosomeka hata kwa mbali, na karani ni binti ambaye sikumfundisha wala hanifahamu. Msimu uliopita nilipeleka pamba yangu, mafurushi manne. Nilipofika mbele aliniamkia, akainua jiwe la kilo 20, akalining'iniza, akasubiri nisome namba mwenyewe. Ilisoma ishirini. Kisha akapima pamba yangu.